Ufunguo Uliomo Kichwani

Miaka michache iliyopita mtu mmoja wa mtaa wetu, dereva wa lori, alishikwa na homa siku ya Jumatatu, akafa siku ya Alhamisi. Alikuwa mtu wa akili na wa kuweka akiba. Hakuficha fedha chini ya godoro kama wazee walivyofanya. Aliziweka katika simu yake, kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, ili watoto wake watatu wapate karo ya shule mwezi wa Septemba. Mkewe alijua ya kwamba akiba ipo. Simu yenyewe alikuwa nayo mkononi. Lakini namba ya siri ilikuwa kichwani mwa mume, na mume alikuwa amekwisha zikwa.

Kijana wao wa kwanza akajaribu mwaka wa kuzaliwa kwa baba yake. Simu ikakataa. Akajaribu mwaka wa ndoa. Ikakataa tena. Akajaribu namba za ubao wa lori, na hapo akaunti ikafungwa kabisa. Tangu siku ile yule mjane akaanza safari za ofisini: leo cheti cha kifo, kesho karatasi ya mkuu wa mtaa, keshokutwa ushahidi wa ndugu za marehemu, ambao nao walikuwa na neno lao juu ya fedha hizo. Watoto walirudi shuleni baada ya Noeli, wenzao wakiwa wamekwisha fanya mitihani ya kwanza.

Sikisimulii kisa hiki ili kumlaumu marehemu. Yeye alifanya kama alivyoagizwa: usimwambie mtu yeyote. Tena aliitii amri hiyo kuliko wengi wetu. Walakini ndugu wasomaji, mwaona wenyewe ya kuwa neno la siri lina kazi mbili, na kazi hizo zapigana. Ya kwanza ni kumzuia mwizi. Ya pili ni kumfungulia mwenyewe. Waliosoma hadithi za Alfu Lela na Ulela wamkumbuka Kassim, nduguye Ali Baba. Kuingia pangoni aliingia vizuri. Lakini alipokwisha kukusanya mali, alilisahau neno la kufungulia mlango. Akataja nafaka hii na hii, ila ufuta haukumjia, hata wezi wakamkuta mle mle.

Siku hizi kila mwenye simu amekuwa Kassim, wala si wa pango moja. Ana neno la barua pepe, neno la Facebook, namba ya fedha za simu, namba ya kadi ya benki. Mwanafunzi wa chuo kikuu ana neno la kuandikia jina lake. Karani ana neno la kompyuta ya kazini. Nani awezaye kuyashika yote? Watu wengi huchagua moja ya njia mbili mbaya: ama hutumia neno moja kwa milango yote, ama husahau na kuanza upya kila mwezi. Mimi nilishika njia ya kwanza kwa miaka sita, nami nitasema hapa chini ilinifikisha wapi.

MWANZO WAKE

Neno la siri katika kompyuta si jambo la kale. Mwaka wa 1961, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha namna ya kuitumia kompyuta moja watu wengi kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo mashine hiyo kubwa ilimtumikia mtu mmoja, kisha mwingine, kama akina mama wanaongojea zamu yao kisimani. Sasa kwa kuwa wengi walishiriki mashine moja, ilipasa kazi ya kila mmoja itengwe na kazi ya jirani yake. Corbató akaona njia iliyo rahisi kuliko zote: kila mtu awe na neno lake.

Siri hiyo haikukaa. Mwaka wa 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa nne tu kwa juma za kutumia mashine, nazo hazikumtosha. Akapeleka kadi iliyotobolewa, kadi ya kawaida, yenye kuomba faili ya maneno ya siri ipigwe chapa. Mashine, ambayo haijui kumshuku mtu, ikatii. Jumamosi asubuhi Scherr akaenda zake kabatini akachukua karatasi yenye maneno ya watu wote. Alikiri jambo hilo baada ya miaka 25. Tena mwaka wa 1966, kwa sababu ya kosa la programu, faili mbili zilichanganyikana. Basi kila aliyeingia katika mashine alionyeshwa, badala ya tangazo la siku, orodha nzima ya maneno ya siri.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari za Corbató ni hili. Mwaka wa 2014, alipokuwa mzee wa miaka 87, mwandishi wa gazeti alimwuliza yeye huyakumbukaje maneno yake. Mzee akaeleza ya kuwa hayakumbuki. Katika maisha yake alikuwa amepata maneno karibu 150, naye aliyaweka katika kurasa tatu zilizopigwa taipu. Yule aliyeleta neno la siri katika kompyuta hakuweza kuyashika ya kwake! Alikufa mwaka wa 2019, na wewe uliyesahau neno lako jana usijione mjinga.

UNGA NA CHUMVI

Ili tujue namna ya kuchagua neno, yafaa kwanza tujue linavyotunzwa huko linakokwenda. Wengi hudhani ya kwamba kampuni ina daftari, na katika daftari hilo jina lako limeandikwa, na mbele yake neno lako. Zamani ilikuwa hivyo, na penye uvivu ni hivyo hata leo. Lakini katika miaka ya 1960 Roger Needham, wa chuo kikuu cha Cambridge huko Uingereza, alipata akili nyingine: neno lisitunzwe zima, bali lisagwe kwanza.

Akina mama watafahamu upesi. Ukisaga mahindi hupati tena punje kutoka katika unga. Basi kompyuta hulisaga neno lako kwa hesabu, huweka unga, na kulitupa neno lenyewe. Kesho ukiandika neno lako, mashine hulisaga upya na kulinganisha unga na unga. Zikilingana, mlango hufunguka. Mwizi akivunja ghala ataiba unga tu, nao haumwambii kitu.

Je, mwizi amekwisha shindwa? La. Yeye naye anacho kinu. Hukaa nyumbani kwake na kusaga makisio: 123456, jina la timu ya mpira, jina la mtoto, neno la kamusi, tarehe ya kuzaliwa, kila mara hulinganisha unga wake na unga ulioibwa. Kama usagaji ni mwepesi, mashine ya siku hizi yaweza kusaga mabilioni ya makisio kwa sekunde moja. Mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell huko Marekani, walitangaza ya kwamba walikusanya maneno 3,289 yaliyochaguliwa na watu wenyewe. Katika hayo, 2,831 yalikuwa rahisi kupatikana, maana yake 86 katika kila 100. Mengine yalikuwa herufi tatu tu. Kumi na tano yalikuwa herufi moja!

Hao wawili walileta dawa, nayo mafundi waliipa jina la chumvi. Kabla ya kusaga, mashine huongeza juu ya neno la kila mtu herufi chache za bahati, kila mtu zake. Hivyo watu wawili wenye neno lile lile hawatakuwa na unga ule ule, na mwizi sharti amsagie kila mtu peke yake, kazi moja moja. Tena walifanya usagaji uwe wa polepole kwa makusudi, maana mwenye mlango husaga mara moja tu, lakini mwizi husaga mara nyingi mno.

Sasa angalieni kampuni iliyoitwa RockYou. Hiyo haikusaga wala haikutia chumvi. Mwezi wa Desemba 2009 wezi waliingia wakakuta maneno milioni 32 yakiwa mazima, kama mahindi yaliyoanikwa barabarani. Yalipohesabiwa, watu 290,731 walikuwa wamechagua 123456. Ndiyo sababu mwizi huanzia hapo.

Wewe uandikapo neno lako mahali fulani, huwezi kujua kama wenye mahali hapo wanasaga au wanaanika. Hapo ndipo ilipo hatari ya neno moja kwa milango yote. Mwizi akilipata katika duka dogo la mtandao ambalo umelisahau, atalichukua pamoja na anwani yako na kulijaribu kwenye barua pepe, kwenye Facebook, kwenye benki. Katika walinzi wako wote, aliye mvivu kuliko wenzake ndiye anayeilinda mali yako yote. Mimi nilipata kufundishwa jambo hilo na shangazi yangu. Alinipigia simu akaniuliza kama nimepona. Nikamwambia sikuugua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: « Mwanangu, basi zile dola 20 nilizokutumia za dawa, nani amezila? » Mtu alikuwa ameingia katika akaunti yangu kwa neno langu la miaka sita, akawaandikia watu wa ukoo kwa jina langu, tena kwa adabu nzuri kuliko yangu. Wajomba wawili nao walikuwa wametuma. Nililipa madeni hayo hata Pasaka.

SHERIA ILIYOJUTIWA

Wengi wenu mmepata kukasirishwa na mashine inayosema: neno lako sharti liwe na herufi kubwa, na tarakimu, na alama, tena baada ya siku 90 ulibadili. Sheria hizo zilienea sana tangu mwaka wa 2003, pale Bill Burr, mtumishi wa NIST, ambayo ni ofisi ya serikali ya Marekani ya vipimo, alipoandika mashauri juu ya jambo hilo. Hakuwa na habari nyingi za kweli za kutegemea, maana maneno ya watu yalikuwa hayajaibwa kwa wingi na kuchunguzwa. Alifanya kadiri alivyoweza.

Na watu walifanyaje? Walifanya kama wanafunzi wangu wanavyofanya wakiambiwa waandike ukurasa mzima: walijaza. Aliyekuwa na neno mwanangu aliandika Mwanangu1! na miezi mitatu ikiisha, Mwanangu2! Mwizi, ambaye ni mwanafunzi mwenye bidii, alikwisha jua. Neno lilikuwa gumu kwa mwenyewe na jepesi kwa adui. Mwaka wa 2017 ofisi ile ile ilifuta mashauri hayo, ikasema watu wasilazimishwe kuchanganya alama, wala wasilazimishwe kubadili neno ila pakiwa na dalili ya kwamba limeibwa. Na Burr, akiwa amestaafu, alikiri katika gazeti ya kuwa anayajutia mengi aliyoyaandika. Si kila mwenye sheria afanyaye hivyo. Katika mashauri mapya ya mwaka wa 2025 imewekwa ya kwamba neno la siri likiwa ndilo ulinzi wa pekee lisipungue herufi 15. Urefu ndio nguvu. Mashine nyingi za kwetu zingali zikifuata sheria ya zamani, nasi hatuna budi kuzitii, lakini tujue ya kuwa alama moja ya mshangao mwishoni haimzuii mtu.

Namba ya siri ya tarakimu nne ina habari yake, nayo ni ya mume na mke. Mashine ya kwanza ya kutolea fedha ya benki ya Barclays ilifunguliwa Enfield, huko London, tarehe 27 Juni 1967. Aliyeifikiri, John Shepherd-Barron, alitaka namba iwe na tarakimu sita, kama namba yake ya jeshini. Akamwuliza mkewe Caroline mezani jikoni. Mke akamwambia yeye aweza kukumbuka nne tu. Basi zikawa nne, na watu wengi duniani wazitumia hata leo kwa sababu ya jibu la yule mama.

Tarakimu nne zatoa namba 10,000 tu. Zatosha kwa sababu mashine hufunga mlango baada ya makosa machache. Mwizi hapewi muda wa kusaga. Lakini zatosha ukichagua kwa bahati. Mwaka wa 2012 mtaalamu wa hesabu Nick Berry alichunguza namba milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja, akakuta zaidi ya moja katika kila kumi ni 1234. Miaka ya kuzaliwa nayo ilikuwa mingi. Aliyekuibia simu pamoja na kitambulisho chako hana haja ya kukisia mara nyingi.

NAMNA YA KUKUMBUKA

Kichwa cha mtu si ghala ya takataka. Mwaka wa 1956 George Miller, mwalimu wa Harvard, aliandika ya kwamba mtu husikia mara moja na kushika vitu saba hivi, pengine tano, pengine tisa. Herufi kumi na tano zisizo na maana hazishikiki. Lakini maneno sita hushikika, maana kila neno ni kitu kimoja, hata likiwa na herufi nane. Wazee wetu hawajui namba ya kadi, lakini watakutajia mababu wa ukoo vizazi saba bila kukosea, kwa kuwa kila jina lina uso na kisa.

Juu ya jambo hilo Arnold Reinhold, Mmarekani, alitengeneza mwaka wa 1995 njia iliyo nzuri. Aliorodhesha maneno mafupi 7,776, kila moja likiwa na namba yake. Mtu hutupa dadu mara tano, hutazama namba iliyopatikana na kuandika neno lake. Akifanya hivyo mara sita ana maneno sita. Idadi ya mafungu yanayoweza kutokea ni namba yenye tarakimu 24. Hata kinu cha mabilioni kitachoka. Wewe usiye na orodha waweza kutwaa kamusi nene, ukafumba macho, ukafungua, ukaweka kidole. Si sawasawa kabisa na dadu, kwa kuwa kamusi hupenda kufunguka katikati, lakini ni bora mara nyingi kuliko kichwa chako mwenyewe. Kichwa hakijui bahati. Ukikiambia kichague neno lo lote, kitachagua jina la mke.

Tuseme kidole kimeangukia haya: kifuniko, tetere, ngazi, muhogo, kengele, shangazi. Sasa fanya kisa. Kifuniko kimemwangukia tetere juu ya ngazi. Tetere ameangusha muhogo. Muhogo umegonga kengele. Ametoka shangazi amekasirika. Kisa kikiwa cha kipumbavu ni vizuri, kwa maana upumbavu hausahauliki upesi. (Msitwae maneno haya sita. Yamekwisha pigwa chapa, na mwizi naye husoma.) Vivyo hivyo haifai kutwaa mstari wa wimbo, au methali, au sala: hayo ni marefu, lakini wezi wanayo yote katika orodha zao, nao huyasaga kabla ya mengine.

Kisha neno jipya lataka kuzoezwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka kadhaa, akaandika mwaka wa 1885 ya kuwa kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Basi usibadili neno lako Ijumaa jioni na kwenda zako harusini. Libadili asubuhi, uliandike tena adhuhuri, tena jioni, tena kesho, tena baada ya juma. Hadi hapo weka karatasi yake mahali pa salama.

Karatasi? Naam, karatasi. Tulifundishwa ya kwamba kuandika neno la siri ni dhambi kubwa. Lakini Bruce Schneier, bingwa wa mambo hayo, alishauri mwaka wa 2005 ya kuwa watu wayaandike na kuyaweka katika pochi, kwa sababu vipande vidogo vya karatasi twajua kuvitunza tangu zamani: noti ni nini? Mwizi aliye ng'ambo ya bahari hawezi kunyosha mkono hata sanduku lililo chini ya kitanda chako. Ni kweli, nyumbani mna wageni, mna watoto wenye macho. Kwa hiyo daftari lifungiwe, wala lisiandikwe juu yake « maneno ya siri ». Na namba ya kadi isikae pamoja na kadi, wala namba ya simu isibandikwe mgongoni mwa simu, kama nilivyoiona kwa macho yangu sokoni.

Aliye na maneno mengi na atumie programu ya kuyatunza. Hiyo ni kama sanduku: yenyewe hutunga maneno magumu, moja kwa kila mlango, nawe hukumbuka neno moja tu la kufungulia sanduku. KeePass, ya Dominik Reichl, ipo tangu mwaka wa 2003, ni ya bure, na sanduku lake hukaa ndani ya mashine yako. Haihitaji mtandao, jambo linalotufaa sana huku mtandao unakokatika pamoja na umeme. Bitwarden, ya mwaka wa 2016, nayo yaweza kutumiwa bila malipo, lakini sanduku lake hukaa mtandaoni. Je, sanduku haliibiwi? Huibiwa. Mwaka wa 2022 wezi walichukua nakala za masanduku ya watu waliotumia LastPass. Waliokuwa na neno refu la kufungulia walilala usingizi. Waliokuwa na neno fupi walikuwa na kazi ya kubadili yote. Lakini ujue jambo moja: ukilisahau neno la sanduku, hata waliotengeneza programu hawawezi kukufungulia. Hilo ndilo la kuandikwa karatasini.

Ipo pia namba ndogo ambayo mashine hukutumia katika simu wakati wa kuingia, ili kuhakikisha ya kuwa ni wewe. Ni ulinzi mzuri, ila wezi wamejifunza kuiomba. Mtu hupiga simu, sauti yake tamu, hujiita mtumishi wa kampuni, au huandika kwa akaunti ya rafiki yako aliyekwisha kuibiwa: « Nimekosea, namba yangu imekuja kwako, nisaidie. » Ukiitoa namba ile ya tarakimu sita, WhatsApp yako inahamia kwake palepale. Hakuna mtumishi wa kweli aombaye namba hiyo. Waambieni na wakwe na bibi, maana wao ndio wanaopigiwa.

NYUMBANI

Narudi kwa yule dereva. Benki na kampuni za simu zakataza mtu kumpa mwingine namba yake, hata mke, na zina sababu. Lakini hazikatazi mke ajue ya kwamba akaunti ipo, ipo kwa kampuni gani, laini ya simu imeandikishwa kwa jina la nani, na karatasi za mkataba zimewekwa wapi. Mke mwenye habari hizo hufika ofisini akiwa na la kusema. Kwa akiba ya jamaa nzima ni bora kuuliza benki juu ya akaunti yenye majina mawili, au kuandika mapema jina la mrithi pale inapokubaliwa.

Kwa barua na picha zipo njia nyingine. Tangu mwaka wa 2013 Google humruhusu mtu kumtaja mwenzake atakayepewa vitu vyake ikiwa akaunti imenyamaza kwa miezi 3, au 6, au 12, au 18, kama mwenyewe alivyopanga. Wenye simu za Apple wamepata jambo kama hilo tangu Desemba 2021. Robo saa yatosha kulipanga. Nami nakiri ya kuwa nililiahirisha miaka mitatu, kama mtu anayeona vibaya kununua sanda yake mwenyewe.

Na kwa yale yasiyo na njia, kama daftari la karani wa ushirika au neno la sanduku la KeePass, ipo bahasha. Andika, funga kwa gundi, tia sahihi yako juu ya mahali palipofungwa, mkabidhi mtu unayemwamini au iweke katika sanduku la nyumba. Ikifunguliwa utaona, nawe utabadili neno siku ile ile.

Yule mjane alipokwisha kupewa fedha za mumewe aliandikisha laini kwa jina lake mwenyewe. Kijana wake wa kwanza, yule aliyejaribu mara tatu, sasa yu karibu kumaliza masomo ya ualimu. Siku moja nilipowatembelea alimwuliza mama yake mbele yangu namba mpya ni ipi. Mama hakuacha kuchambua maharagwe. Akamwonyesha kwa kidevu sanduku la bati lililo pembeni.

« Bahasha imo mle. Nikiikuta imefunguliwa nami ningali hai, utajibu. »